Mtaa Mzima Unahesabu Kozi

Huku kwetu Chamazi, Dar es Salaam, ukishaiacha Mbagala Rangi Tatu na kushika barabara ya Mbande, habari ya nyumba mpya hailetwi na mwenye nyumba. Inaletwa na tipa la mchanga. Likishamwaga na kuondoka, watoto wanapanda juu ya lundo, na kabla ya magharibi mtaa umeshajua mchanga ni wa nani, ni wa mtoni au ni ule wa kuchimba wenye udongo mwingi, na kama mwenyewe kapigwa bei. Linabaki swali moja tu: pesa yake itafika wapi?

Swali hilo hutuweka vibarazani kwa miaka. Jirani tunayemtazama hivi sasa, mtu wa bandarini, au ndivyo tunavyoamini, alinunua kiwanja cha mita 20 kwa 20, akachimba msingi, akapanga tofali za chini, akamwaga jamvi, kisha akapotea. Majani yakaota pembeni, mbuzi wakapata pa kulala. Kila mtu akawa na maelezo yake. Kafukuzwa kazi. Kaoa mke wa pili. Kiwanja kina mgogoro. Aliporudi, tena na kenta mbili za tofali, alimweleza mama muuza uji kwamba binti yake alikuwa ameanza chuo na mkopo wa serikali haukutosha. Taarifa ilisambaa kabla uji haujapoa, na waliokuwa wakimsema wakaanza kumsifia: kaka kajipanga huyu.

Anayejua kulisoma boma, yaani nyumba isiyokwisha, hahitaji kuuliza mshahara wa mtu. Msingi ndio humeza pesa bila kuonyesha kitu. Kuna mawe au tofali za chini, kuna kifusi cha kujaza ndani, kuna kushindilia, kisha zege la jamvi, na baada ya yote hayo mpita njia anaona sakafu tu. Kuta ndizo za kufurahisha. Fundi mzuri na saidia fundi wake wakipewa tofali na saruji ya kutosha hupandisha kozi, yaani safu za tofali, tisa au kumi kwa siku chache, hadi usawa wa linta, na hapo ndipo mwenye nyumba huja Jumapili na mkewe, wakapiga picha kwenye tundu la dirisha la sebuleni.

Linta ndiyo inayowatenganisha watu. Tofali unaweza kununua mia leo na mia mwezi ujao, ukaziacha zinyeshewe. Linta haikubali hivyo. Inataka nondo, mbao za kukodi, kokoto, saruji na vibarua, vyote siku moja. Ndiyo maana maboma mengi ya huku yamekomea chini yake, nondo za nguzo zikichungulia juu. Anayevuka anaweka kozi nyingine tatu hivi, anafunga mtambaapanya, na kukutana na mlima wa mwisho, kupaua. Mbao zilizotiwa dawa, kenchi, misumari na bati huja kwa mkupuo, na mtu wa mshahara wa kawaida hauvuki mlima huo bila kikoba, mkopo wa kazini au kiinua mgongo. Vuli ikipita bila bati, masika yatalikuta boma wazi, na Januari huwezi kumwona fundi popote kwa sababu ni mwezi wa ada za shule.

Tofali nazo zina siasa zake. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa tofali imara 30 na kitu za inchi sita. Mfyatuaji mwenye haraka ya kutajirika huuvuta hadi 45 na kuendelea. Mzee mmoja wa mtaani kwetu ana kipimo chake: hulinyanyua tofali hadi kiunoni na kuliachia. Likivunjika vipande viwili anakwambia litavumilia, likisagika anaondoka bila kuaga. Sijui maabara ingesemaje, lakini nimeona wafyatuaji wawili wakihama eneo kwa sababu yake.

Kwa nini tunajenga hivi, kwa kudonoa? Jibu la haraka ni umaskini, na mimi silikubali lote. Wapo wanaojenga kwa kudonoa huku wana magari. Jibu lililo karibu na ukweli ni kwamba mkopo wa nyumba haujawahi kuwa kitu cha mtu wa kawaida nchini. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1973 kwa lengo hilo hasa, ilifungwa mwaka 1995. Mwaka 2008 ikaja sheria ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya TMRC ya kuzikopesha benki fedha za muda mrefu. Hata hivyo mikopo hiyo yote bado haifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Wasioifikia mikopo hiyo, benki yao ni tofali. Ukinunua tofali mia umeweka akiba ambayo shemeji hawezi kuja kuikopa Jumamosi, na ambayo bei ya saruji ikipanda inapanda nayo. Novemba 2020, saruji ilipoadimika na kupanda bei hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaingilia kati, waliokuwa na tofali zimelala uani walitembea kifua mbele.

Babu zetu wa Kariakoo na Magomeni nao walijenga kwa vipande, ila hesabu yao ilikuwa nyingine. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, baraza mbele na uani nyuma, ilianza kulipa kabla haijaisha. Vyumba viwili vikipata mlango vinapangishwa, na kodi inanunua mlango wa tatu. Mwenye nyumba aliishi na wapangaji, akagombana nao juu ya zamu ya kufagia choo. Nyumba ya leo ya Chamazi, Toangoma, Bunju au Madale haitaki wapangaji ndani. Inataka vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, dining, jiko na stoo, kama matangazo ya madalali yanavyosema kwa pumzi moja. Haianzi kuleta hata senti mpaka uhamie, na watu wengi huhamia kukiwa na bati tu juu, madirisha yamezibwa kwa mabati chakavu, ilimradi kodi ya kule Temeke au Tandika ikome.

Claire Mercer, mwanajiografia wa London School of Economics, alichapisha mwaka 2024 kitabu The Suburban Frontier, kuhusu vitongoji vya kaskazini mwa jiji kama Salasala. Anaonyesha kwamba tabaka la kati la Dar es Salaam limejitengeneza kwa kununua viwanja na kujenga nyumba hizi. Sina ubishi. Ila nikikaa kibarazani naona upande mwingine wa jambo hilohilo: nyumba hizi zinasimama kwa sababu kuna watu wanaozitazama zikisimama.

Inakadiriwa kuwa zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa jiji hili wanaishi kwenye maeneo yasiyopimwa. Viwanja vyao havina bikoni. Mpaka ni mstari wa minyaa, mwembe, au ukuta wa jirani aliyetangulia. Siku ya kuuziana hupigwa hatua au huvutwa tepu, majirani wa pande zote huitwa, mjumbe anakuwepo, karatasi inaandikwa na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo ina uzito wake, lakini siku mtu wa pili anapotokea na karatasi yake ya kiwanja kilekile, kinachoamua ni nani aliyeonekana. Nani alichimba msingi? Nani alikuja kila Jumapili? Mlinzi wa boma alikuwa analipwa na nani?

Kwa hiyo mtu akishanunua, hata kama hana pesa, huweka kozi mbili za tofali apate kuonekana. Hulileta lundo la mawe. Humweka kijana kwenye kibanda cha mabati alime mchicha na matembele, na kijana huyo anajulikana mtaani kuliko mwenye mali. Wengine huandika ukutani kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Mgeni anaweza kudhani ni mzaha. Maboma na viwanja vinauzwa kweli, mara mbili na mara tatu, na watu wasiovimiliki. Kinachomzuia tapeli ni mama muuza uji atakayemwuliza, "Wewe ndiyo nani? Mwenyewe tunamjua."

Ndiyo maana wanaouita utazamaji huu umbea huwa siwaungi mkono. Umbea upo, na tena mtamu. Lakini hili ni daftari la ardhi lisilo na ofisi.

Serikali haikuwa haioni. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 ilifungua mlango wa leseni za makazi, na kuanzia mwaka 2004 maofisa walizunguka mitaa ya Dar es Salaam isiyopimwa wakatambua zaidi ya majengo 200,000. Miaka miwili kabla, mwaka 2002, ulikuwa umeanza mradi wa viwanja 20,000 uliopima maeneo kama Bunju, Toangoma na Kibada. Viwanja hivyo ni vizuri, barabara zake zimenyooka. Tatizo ni mwendo wa mji. Sensa ya 2012 ililikuta jiji na watu 4,364,541, ile ya 2022 ikalikuta na 5,383,728. Ni ongezeko la milioni moja kwa miaka kumi, na hao hawakusubiri mpima.

Na daftari letu lina mwisho wake. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilivunjwa ili barabara ipanuliwe. Zilikuwa na mashahidi. Zilikuwa na majirani walioziona tangu tofali la kwanza, baadhi zikiwa na umri wa kutosha kuozesha mabinti waliozaliwa humo. Hifadhi ya barabara ilipimwa kwa mita, si kwa kumbukumbu, na alama ya X nyekundu haikuuliza nani alionekana. Kigamboni waliumia kwa namna nyingine. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa Mji Mpya na watu wakazuiwa kuendeleza maeneo yao. Mji haukuja kama ulivyochorwa, ila maboma yalisimama palepale kwa miaka, wenyewe wakiogopa kuongeza tofali ambalo lingeweza kuvunjwa. Mtu asiyejenga hatazamwi, na asiyetazamwa madalali humzoea haraka.

Turudi kwa mtu wetu wa bandarini. Amepaua. Bati ni la msauzi, rangi ya kijani, na mtaa uligawanyika wiki nzima, maana vijana walitaka paa la kufichwa la mtindo mpya na wazee wakasema paa la kufichwa linavuja. Kabla ya kuweka milango alimleta shehe, ubani ukafukizwa vyumba vyote, watoto wakala pilau. Tunaamini pia aliizindika nyumba, maana kuna mtu alionekana usiku akichimba kwenye kona nne, lakini hayo mimi nimeyasikia tu.

Kisha akajenga ukuta. Hilo halikutushangaza, kila anayehamia huku anajenga ukuta. Jambo la kwanza analolifanya mtu aliyelindwa na macho ya majirani kwa miaka yote hiyo ni kuyazuia macho hayo yasiingie ndani. Wa kwake una vipande vya chupa juu na geti jeusi, na kwa sababu alikuwa amejaza kifusi kingi ili nyumba ikae juu, mvua ya kwanza ilitoka chini ya ukuta na kuingia moja kwa moja kwenye uwanja wa mama muuza uji. Si hivyo tu. Kona ya ukuta ilikuwa imekula njia, na gari la kunyonya maji ya choo likawa haliwezi kukata kona kufika nyumba tano za nyuma.

Kikao kilifanyika ofisi ya serikali ya mtaa, Jumamosi asubuhi. Alikuja na karatasi yake ya mauziano, mita 20 kwa 20, muhuri upo. Mwenyekiti akaisoma kwa sauti, akaikunja, kisha akawauliza majirani njia ilikuwa inapita wapi kabla ya msingi. Wakajibu kwa pamoja, na yule kijana aliyekuwa akilima mchicha ndani ya boma akasimama kuonyesha kwa mkono mahali gari la tofali lilipokuwa likigeuzia. Shahidi huyo alikuwa wa kwake mwenyewe. Mtu wetu akamtazama, akacheka kidogo, akaomba apewe mpaka mwisho wa mwezi.

Kona imekwisha kuvunjwa, mita moja na nusu hivi. Tofali zake nzima amezipanga kando, na kuna watu wameshaanza kuulizana kama atajengea fremu ya duka au mtaro wa maji.