Anacheua au Anatapika?

Bibi anayemtunza mzazi katika zile siku arobaini hakosi khanga begani. Kila kichanga anapomaliza kunyonya, bibi humpokea, humwegemeza kifuani, humpapasa mgongo, na baada ya dakika chache khanga hupata alama nyeupe. Mama aliyejifungua kwa mara ya kwanza hushtuka: "Bibi, mbona anatapika tena?" Bibi haiangalii hata hiyo khanga. Anamtazama mtoto usoni, kisha anajibu: "Hatapiki, mjukuu wangu. Anacheua."

Jibu hilo lina sayansi ndani yake. Kutapika ni kazi ya mwili mzima: ubongo hutoa amri, misuli ya tumbo hubana, kiwambo cha kifua husukuma, na kilichomo tumboni hutoka kwa nguvu. Kucheua hakuna purukushani hiyo. Maziwa hupanda yenyewe, yakatiririka pembeni mwa mdomo, na mtoto akaendelea na mambo yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Daktari wa watoto akiletewa kichanga "anayetapika sana", jambo la kwanza analotaka kujua ni hilohilo alilokwisha kuliamua bibi.

Mlango unaofunguka ovyo

Chakula hutoka kinywani hadi tumboni kupitia umio. Pale umio unapoungana na tumbo pana msuli wa mviringo unaofanya kazi ya mlango: hufunguka tukimeza, hujifunga tukimaliza. Lakini mlango huo pia hulegea kwa sekunde chache bila mtu kumeza chochote, hasa tumbo likiwa limejaa. Ndivyo tunavyobeua. Kwa mtu mzima aliyeketi, hewa iko juu na chakula kiko chini, kwa hiyo kinachotoka ni hewa. Kwa kichanga aliyelala, maziwa yako mlangoni kabisa. Mlango ukilegea, maziwa hutangulia.

Vipimo vya mwili wake navyo havimsaidii. Umio wa mtoto aliyezaliwa karibuni una urefu wa sentimita kama 10, wakati wa mtu mzima hufika 25 hivi. Safari ya kutoka tumboni hadi mdomoni ni fupi. Tumbo lenyewe katika siku za mwanzo hubeba takriban mililita 20, zaidi kidogo ya kijiko kimoja kikubwa. Na chakula chake chote ni cha majimaji, tena kingi mno kwa umbo lake: katika wiki zinazofuata kichanga huhitaji kama mililita 150 za maziwa kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mtu mzima wa kilo 70 akitaka kumwiga, itabidi anywe zaidi ya lita 10 kwa siku, halafu ajilaze chali. Naye angecheua.

Ndiyo maana kucheua ni hali ya watoto wengi. Uchunguzi uliofanywa katika kliniki za watoto za eneo la Chicago na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba nusu ya watoto wa chini ya miezi 3 walikuwa wakicheua walau mara moja kwa siku. Kilele kilikuwa mwezi wa 4, ambapo asilimia 67 walicheua. Kufikia mwezi wa 7 idadi ilishuka hadi kama asilimia 20, na walipokaribia mwaka mmoja walibaki asilimia 5 tu. Hawakuponywa na mtu. Walijifunza kuketi, wakaanza kula vyakula vizito, umio ukarefuka, na mlango ukakomaa.

Kinachowatia wazazi hofu mara nyingi ni macho yao wenyewe. Chukua kijiko kikubwa kimoja cha maziwa, umwagie juu ya khanga kavu, uone doa litakavyotanda. Utaapa kwamba mtoto ametoa kila alichonyonya. Hata mabonge meupe kama mtindi si dalili ya maziwa kuharibika. Ni maziwa yaliyokwisha kukutana na asidi ya tumbo yakaganda, kama yanavyopaswa kuganda.

Doa lisilo jeupe

Zipo alama ambazo bibi huyohuyo akiziona huitupa khanga na kuagiza bodaboda. Ya kwanza ni rangi ya kijani. Kijani ni nyongo, na nyongo huingia kwenye utumbo chini ya tumbo. Ikipanda hadi mdomoni kwa kichanga, huenda utumbo umejisokota na kuziba njia, nao utumbo uliokosa damu huanza kufa ndani ya saa chache. Hiyo si safari ya kusubiri asubuhi.

Ya pili ni matapishi yanayoruka. Mtoto wa kati ya wiki 2 na wiki 8, aliyekuwa mzima, anaanza kutapika kwa kishindo kila anaponyonya, maziwa yakirukia mbali, kisha palepale anataka kunyonya tena kwa njaa. Huenda msuli wa mlango wa kutokea tumboni umenenepa hadi njia imebana. Wavulana hupatwa zaidi kuliko wasichana. Daktari Harald Hirschsprung wa Copenhagen aliueleza ugonjwa huu mwaka 1888, na mwaka 1912 Mjerumani Conrad Ramstedt alichapisha njia ya kuupasua msuli ule bila kukata utando wa ndani. Upasuaji huo mfupi ndio tiba hadi leo.

Nyingine ni hizi: damu katika matapishi, ingawa kwanza mama akague chuchu zake, maana zikichanika mtoto huweza kumeza damu ya mama na kuirudisha, tumbo lililovimba na kukaza, homa, utosi uliotuna, mtoto kulegea na kusinzia kupita kawaida, au kukataa kunyonya. Kutapika kunakoanza ghafla baada ya miezi 6, au kucheua kunakoendelea baada ya mwaka mmoja, navyo vinahitaji daktari. Na wakati mwingine kucheua kwenyewe hugeuka ugonjwa: asidi huunguza umio, mtoto hujipinda na kulia kwa maumivu katikati ya kunyonya, hukohoa mara kwa mara, na uzito hausogei.

Kulia peke yake hakutoshi kuthibitisha. Vichanga wengi hulia zaidi wanapokaribia wiki 6, wanaocheua na wasiocheua.

Kipimo kilichomo mkobani

Kipimo kizuri cha kutenganisha hali ya kawaida na ugonjwa hakihitaji mashine. Kimo katika kadi ya kliniki. Kichanga hupungua uzito siku za kwanza, hata kufikia asilimia 10, kisha huurudisha kufikia wiki ya pili. Kuanzia hapo, kwa miezi mitatu ya mwanzo, huongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku. Mstari wake ukipanda sambamba na mistari iliyochapwa kwenye kadi, na nepi zikilowa kama mara sita kwa siku, basi maziwa yanayobaki yanatosha, hata kama yanayotoka yanakera. Mstari ukilala au kushuka, mtoto ana tatizo hata kama khanga ni kavu.

Kwa mtoto anayekua vizuri, kazi ya nyumbani ni kumpunguzia mlango mzigo. Anyonye kidogo kidogo, mara nyingi. Ashike titi vizuri, chuchu na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka viwe mdomoni, asimeze hewa. Abeulishwe katikati na mwisho wa kunyonya, kisha ashikwe wima dakika 20 au 30. Asifungwe nepi ya kubana tumbo, wala asikalishwe kwenye kiti cha watoto mara tu anaposhiba, maana mgongo uliojikunja huliminya tumbo. Maziwa ya mama yasiachwe, kwani huondoka tumboni haraka kuliko ya kopo. Anayetumia maziwa ya kopo aangaliwe asizidishiwe kipimo. Uji kwenye chupa kabla ya miezi 6 si tiba. Na pale daktari anaposhuku kwamba mtoto ana mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, huweza kumshauri mama anayenyonyesha aache maziwa na vitu vyake kwa wiki 2 hadi 4, aone mabadiliko.

Kulala kuna mtego wake. Ni kweli kwamba mtoto anayelazwa kifudifudi hupungua kucheua. Lakini kulala kifudifudi huongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994 zilipoanza kuwahimiza wazazi kulaza watoto chali, vifo hivyo vilipungua sana. Je, hatapaliwa? Mtoto akiwa chali, bomba la hewa liko juu na umio uko chini yake, kwa hiyo maziwa yaliyopanda yatapaswa kupanda mlima ili yaingie kwenye hewa. Akiwa kifudifudi, njia ya hewa ndiyo iko bondeni. Alazwe chali, mahali tambarare, bila mto wa kumwinua.

Kuhusu dawa, mlango wa umio haufungwi na chupa ya dawa. Dawa za kupunguza asidi, kama omeprazoli, hazizuii maziwa kupanda. Huyabadilisha tu yapande yakiwa na asidi kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwagawa watoto wachanga 162 wenye dalili za asidi na kilio makundi mawili, moja likapewa lansoprazoli, dawa ya jamii hiyohiyo, na jingine dawa bandia. Walioonekana kupata nafuu walikuwa 44 kati ya 81, katika kundi hili na lile. Tofauti ilikuwa kwenye madhara makubwa: 10 kwa waliopewa dawa, 2 kwa wasiopewa, yakiwemo maambukizi ya mapafu. Asidi ya tumbo nayo ni askari. Dawa hizo zina nafasi yake kwa mtoto ambaye daktari amethibitisha kwamba umio wake umeungua.

Gripe water, dawa ya maji ya kutuliza vichanga iliyobuniwa na mfamasia William Woodward huko Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, ilipata sehemu ya sifa zake kwa kuwa ya zamani ilikuwa na kileo. Watoto walitulia, na sababu inaeleweka. Ya siku hizi huuzwa bila kileo, lakini bado haizuii kucheua.

Gharama kubwa zaidi hulipwa pale hofu inapokosa jina. Afrika Mashariki wako watoto waliokatwa kimeo kwa sababu ya kukohoa au kutapika, na wengine wakachimbuliwa fizi kutoa "meno ya plastiki", ambayo ni vichipukizi vya meno yao wenyewe. Wembe na spoku huleta damu na pepopunda. Na pengine hapakuwa na ugonjwa wowote, au ugonjwa halisi ulikuwa unangoja tu mtu wa kuuliza swali moja: anacheua au anatapika?

Bibi ameshauliza. Mtoto ananyonya, anachangamka, analowesha nepi, na Jumatatu atapimwa kliniki. Anamgeuza bega la pili, ambako khanga bado ni kavu.