Maji ya Kunywa Zambia (Sehemu ya 3): Dago Nalo ni Mtaa

Sehemu mbili zilizopita zilihusu kompaundi za Lusaka. Leo tunakwenda kaskazini, mkoani Luapula, wilaya ya Nchelenge, ambako shida ya maji ya kunywa ina sura nyingine. Kule Kanyama, mojawapo ya kompaundi hizo, watu hupanga foleni kwenye kioski wakiyasubiri maji. Huku kwenye Ziwa Mweru maji yametanda mpaka macho yanachoka, na kwa sababu hiyo mama anayechota ndoo yake ufukweni huonekana kama mtu asiye na shida.

Anayo. Katika ngazi ya huduma za maji inayotumiwa na WHO na UNICEF, maji yanayochotwa moja kwa moja ziwani au mtoni yapo daraja la mwisho kabisa, chini hata ya kisima kisichofunikwa.

Mweru ni ziwa la kilomita za mraba zipatazo 5,000. Mto Luapula unaingia kusini, na maji hutoka kwa mto Luvua pale Pweto kuelekea bonde la Kongo. Kisiwa cha Kilwa ni cha Zambia, lakini kipo karibu zaidi na ufuko wa Kongo, ambako pia kuna mji uitwao Kilwa, na Kiswahili kinazungumzwa. Mwishoni mwa karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu walikuwa na ngome kisiwani humo, kwa hiyo ng'ambo hizi mbili zimekuwa zikipokezana watu na bidhaa tangu zamani. Siku hizi kinachovushwa zaidi ni samaki, hasa chisense, wale wadogo wanaoanikwa juani.

Na kipindupindu huvuka na wanaowavusha. Mtu akishaambukizwa, dalili huchukua saa chache mpaka siku tano kujitokeza. Muda huo unamtosha mvuvi kuondoka upande mmoja, kuuza, kulala upande wa pili na kujisaidia kando ya maji yale yale ambayo jirani atayachota alfajiri. Mvua zikianza, vyoo vya shimo vilivyochimbwa kwenye mchanga hujaa au kubomoka, na uchafu huteremkia ziwani. Mapema mwaka 2023 Nchelenge ilikuwa miongoni mwa wilaya za Zambia zilizopata mlipuko. Oktoba mwaka huo ukaanza ule mkubwa uliopiga Lusaka, wakaugua zaidi ya watu 20,000 nchini na kufa zaidi ya 700. Uwanja wa michezo wa Heroes, jijini Lusaka, ukageuzwa kituo cha matibabu. Taifa zima likauona. Ule wa ufukweni haukupata macho hayo.

Kwa nini bomba halifiki? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba dago, yaani kambi ya wavuvi, ni makazi ya msimu: uvuvi hufungwa kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari, na wavuvi huhama. Wapo wanaohama, kweli. Wapo pia wanaobaki, wakazaa, wakafungua maduka na makanisa. Kashikishi, hapa hapa Nchelenge, ni mji, na hakuna anayebisha. Dago lenye watoto wa shule nalo ni mtaa, na kulinyima maji kwa kusubiri liwe la kudumu ni kosa, kwa sababu kipindupindu hakisubiri.

Zambia yenyewe ilishapata jibu zamani. Mwaka 1974 ilitunga sheria iliyoruhusu makazi yaliyoota bila mpango kutangazwa maeneo ya kuboreshwa, wakazi wakapewa leseni za kukaa badala ya kubomolewa. Sheria hiyo imeshafutwa na ile ya mipango ya 2015, lakini funzo lake lilibaki Lusaka, ambako vioski vilifikishwa kwa watu wasiokuwa na hati za viwanja. Ufukweni, kisima kirefu kilichochimbwa mbali na vyoo, pampu ya jua, tangi lililoinuliwa na vioski vichache vingetosha kuanzia. Familia ya watu sita ikipata lita 20 kwa kila mtu inahitaji madumu sita ya lita 20 kwa siku. Hayo ni kilo 120 za kubeba, na wanaobeba ni wanawake na wasichana, kwa hiyo kioski kikiwa mbali watarudi ziwani.

Kabla bomba halijafika, kuchemsha na klorini ndiyo kinga. Lakini kuni ni ghali, na klorini hupungua nguvu kwenye maji ya matope. Hapa kuna habari njema kutoka Bangladesh: utafiti wa Rita Colwell na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba kuchuja maji kwa kitambaa kikuukuu cha sari kilichokunjwa mara nne au zaidi kulipunguza wagonjwa wa kipindupindu kwa karibu nusu, kwa vile vimelea hujishikiza kwenye vijidudu vya majini ambavyo kitambaa huvinasa. Chitenge (kitenge) kikuukuu hakikosekani nyumba yoyote ya Nchelenge. Chuja kwanza, halafu tia klorini, usichague kimoja.

Habari ya vyoo vya mchangani inahitaji nafasi yake. Tutaianza wiki ijayo.