Fahamu Kasoro ya Programu Inayompa Mtumiaji Mamlaka Asiyostahili

Abiria anayekata tiketi ya treni ya SGR katika Stesheni ya Ngerengere huacha taarifa zake katika mfumo wa kompyuta. Taasisi nyingi huangalia usalama wa mifumo yao kwa programu za ufuatiliaji, ambazo nazo huweza kuwa na kasoro.

Novemba 2024 ilitangazwa kasoro katika Zabbix, programu ya ufuatiliaji yenye watumiaji duniani kote. Ilipewa alama 9.9 kati ya 10 za hatari, kwani mwenye akaunti ya kawaida angeweza kujipatia mamlaka ya msimamizi wa mfumo, mithili ya karani aliyejitwalia funguo zote za ofisi.

Kinga ni kusakinisha toleo lililorekebishwa na kufunga akaunti zisizotumika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za wananchi kuzilinda.