VPN: Pakiti kubwa zinavyokwamisha kazi za ofisi

KARANI aliyeko Gungu, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, anaweza kujiunga na mtandao wa ofisi yake ya Dar es Salaam kwa njia ya VPN na kusoma ujumbe mfupi bila tatizo, lakini akituma taarifa ndefu ikakwama njiani. Lawama huelekezwa kwa kampuni ya simu, na kifurushi kingine cha intaneti hununuliwa bure. Kumbe kasoro yaweza kuwa katika seva ya VPN.

VPN ni nyenzo ya kazi kwa ofisi nyingi. Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka watu na kampuni zinazoitegemea kuwasilisha taarifa zao kabla ya Oktoba 30 mwaka huo.

Data husafiri katika pakiti, na mitandao mingi hupitisha pakiti isiyozidi baiti 1,500. VPN huigeuza pakiti kuwa maandishi ya siri na kuiongezea anwani nyingine, mfano wa barua iliyotiwa ndani ya bahasha ya pili. Bahasha hiyo huongeza ukubwa. Katika programu ya WireGuard ongezeko hilo ni baiti 60 kwa anwani za IPv4 na 80 kwa IPv6.

Pakiti isiyoruhusiwa kugawanywa ikizidi kipimo cha njia, hutupwa, na mtumaji hurudishiwa taarifa ya kosa ili apunguze ukubwa. Hata hivyo, baadhi ya wasimamizi huzuia taarifa hizo kwa sababu za usalama. Mtumaji asiyezipata hurudia pakiti ile ile, nayo haifiki. Ujumbe mfupi hupita kwa sababu ni mdogo.

Dawa yake ni kupima njia. Nje ya VPN, msimamizi hutumia amri ya ping inayokataza kugawanya pakiti, akianza na baiti 1,472. Zikijumlishwa na 28 za maelezo ya safari, hutimia 1,500. Jibu lisiporudi, hupunguza kidogo kidogo.

Ikiwa 1,452 ndizo zinazopita, njia inabeba 1,480. Akitoa 80 za bahasha, ukomo wa VPN utakuwa 1,400.

Hata hivyo, ukomo usishushwe kupita kiasi. Pakiti ndogo mno huwa nyingi, kila moja na bahasha yake, na anayelipia intaneti hiyo ni yule yule karani wa Gungu.