Kakutsa Cholokashvili: Vita vya Mlimani nchini Georgia

Mwezi wa Februari 1921 Jeshi Jekundu liliivamia Georgia, nchi ya Kaukazi iliyokuwa imejitawala tangu 1918. Mji mkuu, Tbilisi, ulitekwa tarehe 25. Miongoni mwa waliokataa kutii alikuwa Kakutsa Cholokashvili, mzaliwa wa ukoo wa kimwinyi wa Kakheti, aliyepata kuwa ofisa katika jeshi la mfalme wa Urusi.

Mwaka 1922 aliongoza uasi wa wenyeji wa Khevsureti, katika milima ya kaskazini. Mabonde yake membamba yalikifaa kikosi kidogo chenye kuzijua njia. Lakini mlima ulimpa maficho, haukumpa ushindi: reli, ghala za silaha na wingi wa watu vilikuwa tambarare.

Ndiyo maana uasi wa 1924 ulipangwa uzuke nchi nzima kwa wakati mmoja. Mpango huo uliharibika mapema. Polisi wa siri walikwisha kuwakamata baadhi ya viongozi, na tarehe 28 Agosti mji wa Chiatura ukainuka kabla ya saa iliyokubaliwa. Cholokashvili aliishambulia Manglisi, kisha akaiteka Dusheti, Tbilisi haikuinuka. Akavuka mpaka na kuingia Uturuki, huku nyuma maelfu ya watu wakiuawa.

Alifariki Ufaransa mwaka 1930. Mabaki yake yalizikwa upya Tbilisi mwaka 2005, katika nchi iliyokwisha kupata tena uhuru wake.