Daftari la Madeni Lililookoa Nyumba ya Mchoraji

Mali bila daftari, walinena wahenga, hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huambiwa wenye maduka. Mimi ilinijia mbali na maduka yetu, katika mtaa wa Jodenbreestraat, jijini Amsterdam, nilipoizuru nyumba ya Rembrandt van Rijn, mchoraji ambaye sifa zake zimeenea ulimwenguni kote.

Rembrandt alizaliwa Leiden, Uholanzi, mwaka wa 1606. Nyumba hii aliinunua mwaka wa 1639 kwa gilda 13,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule, naye hakuwa nazo zote mkononi. Humu ndimo alimofariki mkewe, Saskia, mwaka wa 1642, mwaka ule ule alipoukamilisha mchoro wake maarufu uitwao Walinzi wa Usiku.

Chumba kinachomkalisha mgeni kimya ni kile cha kazi, kilichoko orofani. Madirisha yake makubwa yanaelekea kaskazini. Sisi tuishio penye Ikweta, ambako jua hupita utosini, huenda tusiitambue hekima hiyo mara moja. Kule Ulaya jua hupita upande wa kusini. Hivyo mwanga wa kaskazini hautikisiki, wala kivuli hakimhadai mchoraji kutoka asubuhi hadi alasiri. Juu ya meza yamepangwa mawe ya kusagia rangi, kwani siku hizo rangi haikununuliwa katika vikopo. Ilisagwa kwa mkono, ikachanganywa na mafuta. Darini zaidi ndiko walikofanyia kazi wanafunzi wake.

Kando ya chumba hicho kuna kingine kilichojaa kombe za bahari, matumbawe, silaha, kofia za vita na sanamu za vichwa vya watawala wa Kirumi. Hivyo vyote vilikuwa vitabu vyake vya kiada. Alivinunua bila kujizuia, huku deni la nyumba likimngoja mlangoni.

Mwaka wa 1656 alifilisika. Makarani waliingia chumba baada ya chumba, wakaandika kila walichokiona: michoro, viti, vioo, hata vyombo vya jikoni. Orodha ikafikia nambari 363. Mali ikanadiwa, na mwaka wa 1658 nyumba yenyewe ikauzwa. Rembrandt akahamia nyumba ya kupanga, akafariki mwaka wa 1669, akazikwa katika kaburi la kukodi lisilo na alama.

Hapa ndipo penye ajabu, msomaji. Jiji la Amsterdam liliinunua nyumba hiyo, na mwaka wa 1911 ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho. Lakini ndani haikufanana tena na nyumba aliyoishi Rembrandt. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wataalamu walipotaka kuvirudishia vyumba sura yake ya kale, waliongozwa na nini? Na orodha ile ile ya kufilisika! Karatasi iliyoandikwa ili kuyatawanya maisha ya mtu ndiyo iliyoyakusanya tena baada ya zaidi ya karne tatu.

Yupo atakayesema kwamba huo ni udanganyifu, kwa kuwa vingi kati ya vitu vilivyomo si vile alivyovishika Rembrandt, bali ni vya zama zake. Sikubaliani naye. Nyumba hiyo haijidai kuwa masalio matakatifu. Ni maandishi yanayosomwa kwa miguu. Mwanafunzi akiisha kupanda ngazi zile huelewa kwamba sanaa si kipaji kilichoshuka mbinguni tu, bali pia ni dirisha, jiwe la kusagia, deni na jasho.

Walimu wenzangu, je, sisi tunangoja wadai watuandikie? Katika kila kijiji chetu yuko mchongaji, mfinyanzi au mchoraji mkongwe. Mpelekeeni wanafunzi wenye kalamu na daftari. Waandike anakaa wapi akifanya kazi, mwanga unaingia upande gani, anashika chombo gani na anakiitaje. Kazi hiyo haihitaji fedha za serikali wala wafadhili. Yahitaji alasiri moja na adabu ya kusikiliza.

Makarani wale wa Amsterdam hawakuandika kwa sababu ya kuipenda sanaa. Waliandika kwa sababu ya madeni. Sisi tuandike kwa mapenzi, tena mapema, mwenye nyumba angali hai.