Nyayo za Msomaji Maktabani

Ukitaka kujua ni kitabu gani kinachogombewa zaidi katika maktaba ya chuo, usimwulize mkutubi. Nenda kwenye rafu ya vitabu vya akiba, vile vinavyoazimwa kwa saa mbili tu na kusomewa humo humo ndani, ukitafute chenye jalada lililobanduka na sura ya tatu iliyonyofolewa. Aliyeinyofoa ni mwizi, hilo halina mjadala. Ila ametuachia ujumbe: wanafunzi mia tatu wa somo moja wanagombea nakala mbili, na mtihani ni Jumatatu.

Ujumbe wa namna hiyo hauingii kwenye sanduku la maoni. Miaka yote niliyokaa kaunta, karatasi zilizotumbukizwa mle zilihusu vyoo, feni na kelele. Anachokitaka hasa msomaji hukisema kwa mikono na miguu yake, na maktaba inayotaka kubadilika pamoja naye haina budi kujifunza kusoma nyayo.

Zamani tulinunua kwa kukisia. Mhadhiri aliandika orodha, mkutubi akaagiza, kitabu kikapigwa muhuri na kukaa kumngoja mwenyewe. Mwaka 1979 ulichapishwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, uliofuatilia vitabu vilivyoingia katika maktaba yake kuu mwaka 1969. Katika miaka sita hivi ya mwanzo, karibu asilimia 40 ya vitabu hivyo haikuazimwa hata mara moja. Wapo waliokasirika, wakasema kitabu huweza kusomwa mezani kikarudishwa bila kupita kaunta. Hoja hiyo ina haki yake. Lakini swali lilikwisha kuulizwa: tununue kabla msomaji hajaja, au tumsubiri aje?

Vitabu vya kielektroniki vimevipa jibu vyuo vyenye fedha. Katika katalogi zao mna vitabu ambavyo bado havijanunuliwa. Msomaji akifungua kimoja na kukisoma kwa kiasi kilichokubaliwa, ankara inakwenda chuoni. Mwanafunzi hajui kabisa kwamba amenunua kitabu. Kwetu, ambako fungu la maktaba ndilo hukatwa la kwanza, utaratibu huo hauendi mbali, na mara nyingi shida yetu ni ya kinyume: vitabu vya msaada. Kontena linapokewa kwa hotuba na picha, likifunguliwa mnatoka miongozo ya programu za kompyuta zilizokwisha kufa. Hakuna aliyeviomba, na nafasi rafuni vinakula.

Basi vinapaliliwa. Ndivyo ninavyopenda kuiita kazi ya kuondoa vitabu, kwa sababu palizi inataka mkono unaotofautisha mche na gugu. Mwongozo wa kompyuta wa 1985 uende bila machozi. Lakini kijitabu cha 1974 kuhusu vijiji vya ujamaa, kurasa thelathini za karatasi iliyogeuka rangi ya chai, nacho huenda hakijaguswa kwa miaka ishirini, na pengine ndiyo nakala pekee iliyobaki. Hapo nyayo zinadanganya: msomaji wake bado yuko shule ya msingi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu maalumu ya machapisho ya Afrika Mashariki, na mtafiti anaweza kupanda ndege kutoka Ulaya kuja kutafuta humo kitu ambacho intaneti haina. Kitabu cha kiada kinapatikana kila mahali. Hazina ya namna hiyo maktaba ikiipoteza, hakuna duka la kuinunulia tena.

Sasa tumfuate msomaji nje ya jengo. Wengi hawaelewi kwa nini makala ya jarida inayofunguka chuoni hukataa kufunguka nyumbani. Mchapishaji hamjui Asha wala Juma. Anachokitambua ni anwani za mtandao wa chuo. Ombi likitoka kwenye anwani hizo, mlango unafunguka. Asha akivuka geti, akaitafuta makala ile ile kwa bando lake akiwa chumba cha kupanga mtaani, anatakiwa alipe dola 30 au zaidi. Chuo kimekwisha kulipia, naye anaamini hakikulipia, kwa hiyo anarudi kwa mwenye steshenari kununua hendauti za mwaka juzi. Dawa ni seva ya wakala: Asha anaingia kwa namba yake ya usajili na nywila, kisha ombi lake linapelekwa kwa mchapishaji likiwa limevaa anwani ya chuo. Machi 2020, vyuo vya Tanzania vilipofungwa kwa sababu ya korona, wanafunzi wakakaa nyumbani mpaka Juni, ilijulikana ni maktaba ipi iliyokwisha kuichonga njia hiyo na ipi iliyodhani msomaji atakuja tu.

Wachapishaji wakubwa hutoa ripoti za matumizi kwa kanuni iitwayo COUNTER. Ripoti moja huonyesha makala zilifunguliwa mara ngapi. Nyingine huonyesha wasomaji waligonga mara ngapi wakafungiwa, kwa kuwa chuo hakikulipia jarida hilo. Wakuu wa idara hupenda ya kwanza, maana ina tarakimu za kujivunia. Mimi huanza na ya pili. Hiyo ndiyo sura ya tatu iliyonyofolewa, ila sasa hakuna aliyeharibu kitu.

Waliotabiri kwamba simu ingeziua kumbi za kusomea walikosea. Kumbi zinajaa, lakini wanaojaa wameleta kompyuta zao na vitini vyao. Kwetu wanataka meza, soketi, mwanga na intaneti. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018, imekusudiwa kuchukua watu 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Hata hivyo, pita vyuoni jioni uone vimbweta chini ya miembe. Mwanafunzi wetu husoma kwa kubishana, mmoja akieleza na wanne wakimkatiza. Maktaba iliyobandika neno KIMYA kwenye kila ukuta imemfukuza kwa mkono wake yenyewe. Anahitaji ukumbi wa kunyamaza, ndiyo, na vyumba vya kupiga kelele zenye maana.

Ukaidi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, umo ndani ya katalogi. Vyuo vyetu vingi huorodhesha vitabu kwa vichwa vya mada vya Library of Congress, ambavyo ni vya Kiingereza. Mwanafunzi anayeandika tasnifu kwa Kiswahili kuhusu unyago ataandika “unyago”, kama alivyolelewa kuuita. Katalogi itamletea vile tu vyenye neno hilo katika jina la kitabu au katika muhtasari. Vingine vimeandikishwa kwa istilahi za wanaanthropolojia wa Kiingereza, naye anaondoka akiamini maktaba haina kitu.

Kurekebisha hili hakuhitaji mfadhili. Rekodi ya kitabu katika mfumo wa MARC, unaotumiwa pia na Koha, programu huria iliyoanza kazi New Zealand mwaka 2000, ina uga wa 653. Uga huo unapokea neno lolote la mada bila kuomba ruhusa ya orodha ya Library of Congress. Maneno yaliyotafutwa yakarudi mikono mitupu yanaweza kuhifadhiwa, yakachapwa kila mwezi, na mkutubi akaketi nayo rafuni. Orodha iliyo mezani kwangu leo inaanza na unyago, ngonjera, vijora, mirathi na uganga. Unyago nimeumaliza jana. Vitabu vyake vilikuwepo muda wote.